Punda wa Juzuu ya Ishirini na Nane

"Sasa niambie, mjukuu wangu. Alisema nini?"

Sumbal aliinua macho kutoka kwenye msahafu. Alikuwa ametoka kumsomea bibi yake kurasa nne kwa sauti ile ile iliyomletea kikombe cha fedha katika mashindano ya kusoma alipokuwa na umri wa miaka kumi, sauti ambayo wanawake wa Halifax, Uingereza, waliisifu kwa kusema kwamba hata mvua ya mji huo, isiyomjali mtu, hupunguza kelele ili iisikilize.

"Nani alisema nini, Bibi?"

"Mwenyezi Mungu. Umemsoma robo saa nzima. Alikuwa anasema nini?"

Swali lilikuwa fupi, na Sumbal alikuwa msomi. Alikuwa katika mwaka wa pili wa sheria huko Leeds, na angeweza kumweleza yeyote kile alichosema jaji fulani miaka mia na arobaini iliyopita kuhusu mtaro wa maji machafu, na kwa nini jaji mwenzake alimpinga. Msahafu alikuwa ameuhitimu akiwa na miaka saba, akakatiwa keki ya ghorofa tatu na kuvishwa bangili mbili za dhahabu.

"Alikuwa anasema mambo mazuri, Bibi."

"Mambo mazuri," Bibi Resham alirudia, kwa uso wa mtu aliyenunua embe kwa harufu akalikuta limeoza ndani. Aliuvuta ushungi wake mbele. "Babu yako alipokuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha sufu hapa, na mimi niko kwetu Mirpur, aliniandikia barua kila mwezi. Sikujua kusoma. Niliibusu barua, nikaipitisha machoni, nikaifunga kwenye kitambaa na kuiweka juu ya kabati. Lakini kabla ya kuiweka, nilitembea nusu siku mpaka kwa mwalimu wa shule anisomee. Mke gani atabusu barua ya mumewe asitake kujua anasemaje?"

"Hakuna, Bibi."

"Basi hii nimeibusu miaka sabini. Kwa mwalimu wa shule sijafika. Na macho yenyewe ndiyo haya, kila siku ukungu."

Huenda swali hilo lingepita kama yapitavyo maswali ya wazee, lakini Jumapili ilikuwa inakuja. Jumapili hiyo Sumbal alitarajiwa kuanza kuwafundisha wasichana wa msikiti, arubaini kwa hesabu, baada ya mwalimu wao kuhamia mji mwingine. Kamati ilimchagua kwa kumsikiliza akisoma tu, haikumuuliza lolote. Katibu wa kamati alikuwa mume wa Khala Shagufta, dada mkubwa wa mama yake, na kwa hiyo habari ilikuwa imekwishazunguka mji mzima kabla barua ya kumteua haijakauka wino. Mama yake, Tahmina, alikuwa ameagiza ladu, vile vitamutamu vya mviringo vya sherehe, na kuitisha hitima ya baraka siku ya Jumamosi. Na msichana wa miaka minane akimuuliza Sumbal swali la Bibi mbele ya wenzake thelathini na tisa, atamjibu nini? Mambo mazuri?

"Jumamosi wanakuja wanawake ishirini," alisema Bibi Resham, kana kwamba amemsikia akiwaza. "Labda yupo anayejua. Tuwaulize."

"Huwezi kuwauliza watu wazima kitu kama hicho, Bibi. Ni kuwavunjia heshima."

"Ndiyo maana," alisema bibi, na ndani ya ule ukungu wa macho yake kitu kikacheka, "hatutawauliza kwa mdomo."

Siku tatu zilizofuata Sumbal alizipitisha katika maktaba ya chuo, na tafsiri wazi mbele yake, akiwinda wanyama. Wazo lilikuwa la Bibi: mtu mzima ukimuuliza maana ya dini atakasirika, lakini ukimuuliza habari za mnyama atasahau kukasirika. Alimpata kunguru katika juzuu ya sita na mbwa mwitu katika ya kumi na mbili. Akampata nzi, akampata buibui, akampata mdudu aliyeitafuna fimbo ya Nabii Suleiman. Alipofika kwa sisimizi alicheka kwa sauti katikati ya watu waliokuwa wakisoma, akatazamwa vibaya, na akagundua kwamba amekosa somo la mikataba bila kujutia hata kidogo. Wanyama walifika kumi na wawili. Kwa kila mmoja aliandika kadi ndogo ya Kiurdu, kwa mwandiko wake uliopinda kama ng'ombe alivyokojoa, akaitia utepe, ili ikae ndani ya juzuu kama alama ya kurasa.

Juzuu ya thelathini hakuiandikia kadi. Sura fupi za mwisho alikuwa amezihifadhi kabla hajajua kufunga viatu; humo yumo ndovu, na habari za ndovu kila mtoto anazijua. Zaidi ya hayo, juzuu hiyo angeisoma yeye mwenyewe.

Kadi ya juzuu ya ishirini na nane ndiyo iliyomfanya aume kalamu. Wanawake wa hitima walikuwa na desturi ya kushika juzuu zao kama abiria wazoefu washikavyo viti vyao, na hakuna asiyejua kwamba ishirini na nane ni ya Khala Shagufta. Sumbal aliisoma tena ile aya ya mnyama. Aliona si vizuri kabisa. Kisha akaandika.

Jumamosi, makochi yalitolewa ukumbini, shuka nyeupe zikatandikwa, na mlangoni pakainuka mlima wa viatu na miavuli inayochuruzika. Juzuu thelathini zilipangwa katikati. Bibi Resham aliketi kwenye kiti chake karibu na ukuta wenye joto, mikono imetulia, mfano wa mwanamke asiyejua kinachoendelea duniani.

Khala Shagufta aliingia akiwa amevaa kijani kibichi, na nyuma yake mkwewe Gulnaz, binti aliyeletwa kutoka kijiji cha karibu na Kotli, huko Pakistan, miaka mitatu iliyopita. Hao wawili walikuwa ncha mbili za hitima yoyote. Khala alimaliza juzuu kwa dakika kumi na nane, kwa pumzi ya gari moshi linalopita stesheni bila kusimama. Gulnaz alimaliza wa mwisho siku zote, na wanawake wote walimfahamu kwa njaa waliyokuwa nayo wakimsubiri.

"Gulnaz, mama," alisema Khala kabla hata ya kuketi, "leo tusome, tusipande mpunga. Mbegu moja, kuinama; mbegu ya pili, kuinama."

Wanawake walicheka. Gulnaz naye alitabasamu, akachukua juzuu iliyosalia pembeni, ile ambayo hakuna aliyekuwa akiipigania.

"Na ya thelathini," Khala alitangaza, akiinyanyua kwa mikono miwili, "ya mwalimu wetu!"

Sumbal aliipokea. Tahmina alifuta jicho kwa ncha ya ushungi. Kisha ukaanza ule mvumo wa sauti ishirini zinazosoma mahali ishirini tofauti, mithili ya mzinga wa nyuki.

Haukudumu.

"Jamani, hii nini?" Jirani wa nyumba ya pili alikuwa ameshika utepe. Akasoma polepole: "'Katika juzuu hii yumo mdudu aliyezungumza. Ni nani, na alisema nini?'" Akawatazama wenzake. "Mdudu azungumze? Labda mume wangu."

"Hata mimi ninayo! 'Yumo aliyesingiziwa kuua.'"

"Yangu inasema yumo aliyelala mlangoni miaka na miaka! Huyo si mume wako tena?"

"Sumbal," alisema Tahmina kwa sauti ya chini yenye meno.

Hapo Bibi Resham akakohoa, na kwa kuwa alikuwa mkubwa kuliko wote, wote wakanyamaza. "Sheria ya leo," alisema kwa upole. "Wanyama wako kumi na wawili. Wakishatajwa wote, pilau itatoka."

"Mama! Pilau iko motoni!" alisema Tahmina.

"Najua, mwanangu. Mlango wa jikoni nimeufunga."

"Ufunguo uko wapi?"

"Nimeukalia."

"Itaungua!"

"Basi wasome upesi. Si ndiyo kazi wanayoiweza?"

Wanawake walitazamana, wakijiuliza kama wametukanwa au wametaniwa. Ndipo sauti ndogo ikatoka pembeni.

"Ni sisimizi."

Vichwa ishirini viligeuka kumtazama Gulnaz. Alikuwa ameweka kidole juu ya mstari wake, asiupoteze.

"Yule mdudu. Aliwaambia wenzake, ingieni majumbani mwenu, asije Suleiman na majeshi yake akawakanyaga hali hawana habari. Na Nabii Suleiman akamsikia, akatabasamu."

"Wewe umeyajua wapi hayo?" aliuliza Khala Shagufta.

"Kwa baba, Mama. Nilikuwa nasoma kwake nyumbani. Hakunipa aya ya pili mpaka nimwambie ya kwanza inasema nini." Gulnaz aliinamisha macho. "Ndiyo maana nachelewa. Kila mahali nimezoea kusimama."

Sumbal alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anaingia mlangoni. Miaka mitatu alikuwa amecheka pamoja na wengine utani ule wa mpunga.

"Basi atutajie wote, tule," mtu alipendekeza.

"Hapana! Asituharibie! Wangu namtafuta mwenyewe," alipiga kelele mwenye kadi ya aliyesingiziwa. "Tahmina, wewe huna msahafu wenye Kiurdu chini ya mistari?"

Tahmina alikuwa nao. Alipewa na baba yake siku ya kuolewa, akaufunga kwa mahameli na kuuweka juu ya kabati la chumbani, mahali pa heshima kuliko pote, na hapo ukakaa miaka ishirini na miwili. Aliipanda ngazi akilalamika, moyo wake uko kwenye pilau, akashuka nao umekumbatiwa na vumbi. Wanawake waliufuta, wakaubusu, wakaufungua. Sumbal aliona jambo ambalo halikuwa limemjia hata akiwa maktabani: zaidi ya nusu yao Kiurdu walikisoma vizuri sana. Maana ilikuwa juu ya kabati tu, ghorofa moja kutoka kwenye sambusa.

"Mbwa mwitu! Ni mbwa mwitu wa Yusuf! Maskini, kumbe hakumla mtu!"

"Sogea nione, kichwa chako si dirisha."

"Huyu aliyelala ni mbwa wa wale vijana wa pangoni. Amenyoosha miguu yake ya mbele, angalieni, imeandikwa hata miguu alivyoiweka!"

"Na kunguru alimfundisha muuaji kufukia maiti ya nduguye. Kunguru! Mimi kila asubuhi nawafukuza kwa ufagio."

Katika ghasia hiyo, ni Khala Shagufta peke yake aliyeendelea kusoma. Alisoma kwa mgongo ulionyooka, kama nahodha ambaye mabaharia wake wote wamerukia majini. Alifika mwisho kwa dakika kumi na saba, akafunga juzuu, na kadi ikamdondokea mapajani.

Sumbal alitamani shuka ile nyeupe ipasuke immeze.

"'Katika juzuu hii,'" Khala alisoma kwa sauti, "'yumo mnyama aliyebeba mzigo. Ni nani, na amebeba nini?' Haya, Gulnaz. Wewe si ndiye mwanachuoni wetu? Nijibu."

Rangi ilimtoka Gulnaz. "Mama, tafadhali. Tuanze na buibui."

"Buibui si wangu. Nauliza wangu."

"Ni... ni punda, Mama."

"Amebeba nini?"

"Vitabu."

Mvua ilisikika ikigonga dirisha. Bibi Resham alitoa sauti ambayo mtu mwema angeiita kikohozi.

"Aya yenyewe," Gulnaz aliharakisha, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuharakisha, "inawataja waliopewa Taurati kisha wasiifuate. Mfano wao..."

"Basi haituhusu!" Khala alidakia.

"Haituhusu hata kidogo," Bibi alikubali. "Nashangaa tu kwa nini barua yao imeletwa kwenye anwani yetu."

Khala Shagufta aliiweka kadi chini. Alimgeukia Sumbal polepole, na bangili zake zikalia moja baada ya nyingine.

"Huu ni mwandiko wako."

"Ndiyo, Khala."

"Ulijua ishirini na nane ni yangu."

Sumbal alikuwa amejifunza chuoni namna nyingi za kujibu swali bila kulijibu. Hakutumia hata moja. "Nilijua, Khala."

"Kwa hiyo nimevaa, nimepaka manukato, nimepanda kilima kwa mvua nije kukuombea dua, na wewe umenitengea punda." Alinyoosha mkono. "Lete juzuu yako."

Sumbal aliipeleka. Khala aliipekua mwanzo hadi mwisho.

"Mbona yako haina kadi?"

"Yangu ni ndovu, Khala. Kila mtu anamjua."

"Ndovu peke yake?" Khala alifikiri kidogo, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya: alimgeukia mkwewe na kumuuliza kwa kutaka kujua. "Gulnaz. Hamna wengine humu?"

Gulnaz alimtazama Sumbal kwa macho ya kuomba radhi. "Wamo, Mama. Yumo ngamia. Na wamo wengine katika sura ya Wal-aadiyaat."

Watu wote waliangalia rafuni. Kikombe cha fedha kilikuwa pale, kati ya saa na maua ya plastiki, na sura iliyokileta ilikuwa hiyohiyo.

"Haya, mwalimu," alisema Khala Shagufta. "Ni wanyama gani?"

Sumbal aliipitisha sura nzima moyoni. Alijua wapi avute sauti na wapi aikate, wapi pumzi iingie na ulimi ukae wapi kinywani. Aliipitisha mara ya pili. Hakumwona mnyama yeyote. Mama yake alikuwa akimwangalia. Ladu zilikuwa zimekwishapangwa kwenye sinia.

"Sijui," alisema.

"Ni farasi," alisema Gulnaz, taratibu. "Wanakimbia wanahema. Kwato zao zinapiga mawe, zinatoa cheche. Alfajiri inawakuta wanatimua vumbi, wamejitosa katikati ya watu. Mungu anaapa kwao, kisha anasema mwanadamu hamshukuru Mola wake."

Sumbal aliisikia sura yake kwa mara ya kwanza. Ile kasi, yale maneno mafupi yanayogonga moja baada ya jingine, ambayo waamuzi walimsifu nayo, zilikuwa kwato. Miaka kumi na sita alikuwa juu ya mgongo wa farasi yule, hajawahi kuangalia chini.

Alingoja Khala ammalize. Alistahili kumalizwa.

Khala Shagufta alimtazama, akamtazama punda wake kwenye kadi, na mabega yake ya kijani yakaanza kutikisika. "Basi, mwanangu," alisema huku kicheko kikimtoka puani, "tuko zizi moja! Sogea, nipe nafasi kwenye majani!"

Chumba kililipuka. Sumbal alicheka hadi machozi, na hakuwa na haja ya kuyachambua machozi hayo yalikuwa ya nini. Bibi Resham aliinuka sentimita chache, akautoa ufunguo, akamkabidhi Tahmina ukiwa na joto.

Pilau ilikuwa imeshika chini. Waliila hivyohivyo, na Khala akadai kwamba ukoko ndio alioupenda tangu utoto, akaongezewa mara mbili. Kati ya tonge na tonge alimwinamia Gulnaz akidhani hasikiki. "Na yule buibui yuko juzuu ya ngapi?"

"Ishirini, Mama."

"Nisomee ukimaliza kula. Pole pole lakini. Usiende mbio."

Kisha sinia la ladu likaja. Kwa desturi, anayepewa kazi hulishwa kwanza, na Khala Shagufta, kwa kuwa mumewe ndiye katibu, alichagua ladu kubwa kuliko zote, akaipeleka mdomoni mwa Sumbal. "Haya, yaliyopita yamepita. Fungua kinywa. Kesho ni siku yako, mwalimu."

Wanawake ishirini walitabasamu. Tahmina alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Alikuwa amewapigia simu ndugu wa Mirpur, wa Oslo, na hata wale wa Glasgow ambao hawazungumzi nao. Sumbal aliyaona hayo yote usoni mwake. Aliwaona na wale wasichana arubaini pia, wakizipanda sura zao kwa kasi nzuri, na yeye mbele yao akiwasifu.

Aliushika mkono wa Khala kwa adabu, akaushusha pamoja na ladu yake, akasimama ili hata Bibi Resham amsikie.

"Khala, mwambie Khalu, kwa kuwa ndiye katibu, kwamba kesho nitakuja msikitini, lakini sitafundisha. Gulnaz akikubali, afundishe yeye, polepole vile vile anavyosoma. Mimi nitakaa mstari wa mbele na wasichana wa miaka minane, na nitaanza na sura ya farasi."